Askari wa Kihehe katika Kifua cha Mngoni

Saa tatu asubuhi Kungwi aliwaingiza darasani wanafunzi milioni mia mbili, na hakuna hata mmoja aliyechelewa. Kwa hilo tu, walimu wa shule zetu wangemwonea wivu.

Usimfikirie mama wa makamo mwenye kanga mbili na siri nyingi. Kungwi huyu alikuwa mtambo, mpana kama kabati la nguo, uliosimama ghorofa ya tatu ya Nyumba ya Kinga, jijini Songea, mwaka 2094. Wanafunzi wake walikuwa seli askari, zile chembe za damu zinazozunguka mwilini mchana kutwa zikikagua nani mwenyeji na nani mvamizi. Mtambo ulizichota kwenye damu ya mgonjwa wa saratani, ukaziweka ndani siku tisa kama mwali, ukazifundisha sura ya adui wake, kisha ukazirudisha mwilini zikiwa zimeiva. Watu walikuwa wakiingia pale wamebebwa na kutoka wakiulizia kituo cha basi.

Siku ya tisa kulikuwa na mtihani. Kungwi alimega punje ya saratani ya mgonjwa, akaitupa katikati ya darasa, na kioo kikubwa ukutani kikaonyesha kila kitu. Kwa kawaida seli askari huivamia ile punje kama watoto walioona maandazi.

Za Mzee Otmar Ngonyani hazikuvamia. Zilikwenda mpaka pale, zikasimama, zikaikagua saratani kwa heshima zote, zikapita. Kama mtu anayemkuta jirani akifagia uwanja wake.

Mhandisi Mwajabu Shemhilu alizima kioo. Huo ulikuwa mtihani wa tatu, na darasa lote lilikuwa limepata sifuri kwa mara ya tatu.

"Wamemsalimia," alisema peke yake. "Bado kumkaribisha chai tu."

*

Mzee Otmar alikuwa na miaka sitini na saba, mwembamba, fundi wa kutengeneza milango kabla mapafu hayajamgomea. Alilazwa chumba cha dirishani, na binti yake Gaudensia, mwalimu wa hesabu, alikaa pembeni akimenya parachichi ambalo baba yake hakulitaka.

"Nipe habari, mwanangu," alisema Otmar alipomwona Mwajabu. "Lakini usianze na 'Mzee wangu'. Ukianza hivyo najua ni mbaya."

"Basi nianze na shikamoo."

"Marahaba. Hiyo nayo umeivuta sana."

Mwajabu akaketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na tangu chuoni alisifiwa kwa kueleza mambo magumu, ingawa hakuna aliyewahi kumsifia kwa kueleza mambo mabaya.

"Kila seli mwilini mwako," alianza, "ina kamba ya nguo nje ya nyumba yake. Inaanika hapo vipande vidogo vya kila inachotengeneza ndani. Askari wako hawaingii ndani kupekua. Wanapita tu mtaani wakitazama nguo kambani. Wakiona nguo ya kigeni, tuseme ya kirusi cha mafua, wanaivunja nyumba yote."

"Na saratani?"

"Saratani haikutoka nje, Mzee. Ni seli yako. Ilikosea kunakili maandishi yake ya ndani mara moja, ikakosea tena, mpaka ikasahau amri mbili: kuacha kuzaa, na kufa siku yake ikifika. Nguo zake kambani ni zako. Ila moja imechanika kidogo sana pindoni."

"Na wanangu hawaoni mchaniko."

"Hawakufundishwa kuuona. Tangu utoto wako, askari wako walisoma shule moja iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Mtihani wake ni mmoja tu. Ukimng'ata mwenyeji, unauawa. Wale wakali wakali, ambao wangegombana na nguo inayofanana sana na za nyumbani, waliuawa zamani. Waliobaki ni wapole."

Otmar akawaza. "Mimi nilisomeshwa na masista. Nao walikuwa wakali, lakini walichapa tu."

Gaudensia hakucheka. "Muda gani?" aliuliza.

"Uvimbe umebakiza milimita nne kufika bomba kuu la pumzi. Siku kumi na sita. Labda kumi na nane. Kungwi anahitaji tisa." Mwajabu alifungua kishikwambi chake. "Kuna njia moja. Tutafute mtu mwingine ambaye askari wake wanauona mchaniko huo. Tunakili jicho la askari wake, tuwapandikizie wa kwako. Lazima awe na kamba ya aina moja na yako, la sivyo hawataisoma. Tumepitia damu yote iliyohifadhiwa nchini. Wenye kamba kama yako ni elfu moja na mia tatu. Tumewajaribu wote dhidi ya saratani yako. Askari wa mmoja tu ndio waliozinduka."

"Nani?"

"Anaishi Iringa. Zefania Kihwele."

Otmar alianza kucheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkata, akapewa hewa, akaivua barakoa ili aendelee kucheka.

"Gaude, umesikia? Elfu moja na mia tatu, na aliyebaki ni Mhehe. Sasa nimekwisha kweli."

*

Hapa inabidi nikuibie dakika moja, kwa sababu mwaka 2094 jambo hili lilikuwa limeanza kusahaulika mijini. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali enzi za mababu, na baada ya kuchoka kuuana wakaanza kutaniana. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe zako, kuchukua kofia yako na kuondoka nayo, na kukutangazia kifo ukiwa unakula. Wewe huruhusiwi kukasirika. Unaruhusiwa kurudisha: Mngoni huambiwa anakula panya, Mhehe huambiwa anakula mbwa. Lakini ukifiwa, mtani ndiye anayefika wa kwanza, kwa sababu ndiye pekee anayeweza kumwambia mfiwa aache kulia ale.

Otmar na Zefania walitaniana kwa miaka arobaini na mitatu. Walikutana vijana kwenye mgodi mmoja wa madini ya betri, ambao siku hizi umefukiwa na kupandwa msitu, wakafanya zamu moja miaka kumi na minne.

Zefania alifika kesho yake kwa treni ya sumaku. Mfupi, mnene, koti la sufi mpaka magotini, mkononi kamba ya kupimia na kipande cha chaki.

"Marehemu yuko wapi?" aliuliza mlangoni kwa sauti iliyofika ghorofa ya tano. "Nimeambiwa kuna jeneza la kupima. Mafundi wanasubiri vipimo, na mbao za Wangoni hazitoshi, wamezitumia zote kutengenezea mitego ya panya."

"Funga mlango," Otmar akajibu kutoka kitandani, "nasikia harufu ya mtu aliyekula mbwa."

Zefania akamnyooshea kamba kutoka kisigino hadi utosini, akaweka alama ya chaki kwenye chuma cha kitanda. "Umepungua. Vizuri, tutaokoa ubao." Akachukua parachichi la Gaudensia, akalila lote, akapangusa mikono kwenye shuka la mgonjwa. "Na wewe binti wa Kingoni, umenenepa. Baba yako anakufa wewe unanenepa. Akili hiyo."

"Shikamoo, mtani," alisema Gaudensia, na kwa mara ya kwanza wiki ile mabega yake yalishuka.

Mwajabu alisimama pale kalamu mkononi. Yeye alizaliwa na kukulia kwenye maghorofa ya Tanga Mpya, ambako mtu akikuambia umenenepa, mwanasheria wake hukutana na wako. Alikuwa bado anatafuta la kusema pale dari ilipozungumza.

"Samahani," ilisema sauti laini. "Mchangiaji amekataliwa. Anaombwa kuondoka chumbani kwa usalama wa mgonjwa."

Hiyo ilikuwa Mpimania, akili unde iliyopima nia ya kila mchangiaji. Sheria yake ilitungwa baada ya jamaa mmoja kumchangia mkwewe seli zilizotiwa sumu. Tangu siku hiyo hakuna tone la damu lililoingia kwa Kungwi kabla Mpimania hajasoma mawasiliano yote kati ya mtoaji na mpokeaji, na kuridhika kwamba mmoja hamchukii mwingine.

"Sababu," alisema Mwajabu.

"Katika miaka ishirini na miwili ya kumbukumbu nilizonazo, Zefania Kihwele amemtumia mgonjwa ujumbe elfu nne mia tatu na kumi na mbili wenye kumtakia kifo, udhalili, au kuliwa na panya. Kila siku ya kuzaliwa ya mgonjwa amemwandikia maneno yaleyale: 'Bado tu?' Mwaka 2086, kwenye mazishi ya mke wa mgonjwa, aliingia kaburini, akalala, akakataa kutoka."

"Nilitaka kuku," alieleza Zefania.

"Alidai fidia ili mazishi yaendelee," ilimalizia Mpimania. "Leo amepima jeneza na kula chakula cha mgonjwa. Hatari: ya juu kabisa."

Roboti mbili za ulinzi ziliingia, zikamshika Zefania viwiko kwa adabu, zikamtoa nje. Otmar alipunga mkono. "Mmwagieni maji huko nje, asije akawauma."

*

Mwajabu aliutumia mchana wote kubishana na dari. Haikuwa na ubaya, dari ile. Ilisikiliza, ikashukuru kwa maoni, ikakataa. Uamuzi wa Mpimania ulibadilishwa kwa ushahidi uliopimika tu, si kwa maombi, na aliyeandika kanuni hiyo alikuwa Mwajabu Shemhilu mwenyewe.

Ilikuwa na mlango mmoja mdogo. Mchangiaji aliyekataliwa aliruhusiwa kutamka nia yake upya, mbele ya mgonjwa, kwa maneno yake. Mwajabu akamfuata Zefania alipokuwa amekaa kwenye benchi la bustani, kamba yake imekunjwa mapajani.

"Mzee, naomba useme neno moja zuri. Mwambie unamtakia afya. Basi."

Zefania alimtazama kama aliyeombwa avue suruali. "Nimwambie Otmar?"

"Ndiyo."

"Usoni?"

"Ndiyo, Mzee."

"Binti, sisi hatuambiani hivyo. Hata siku anaoa nilimwambia mkewe akimbie." Akaikunja kamba, akaikunjua. "Hakuna njia nyingine?"

"Zimebaki siku kumi na tano."

Zefania akainuka, akafunga vifungo vyote vya koti lake.

Waliporudi chumbani Otmar alikuwa ameketi, tayari na tusi mdomoni. Zefania akasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, akasema kama mwanafunzi anayesoma risala: "Ndugu yangu Otmar. Wewe ni mtu mwema. Nakutakia afya njema na maisha marefu. Mungu akubariki."

Uso wa Otmar ulibadilika polepole. Alimtazama Zefania, akamtazama binti yake, akamtazama Mwajabu.

"Kwa hiyo ndivyo ilivyo," alisema kwa sauti ndogo. "Kumbe mnajua, mkanificha." Akageukia ukutani. "Gaude, niitie padri."

Bangili ya afya mkononi mwake ikaanza kulia. Mapigo mia moja na arobaini. Pumzi ikawa fupi, hewa kwenye damu ikashuka, na wauguzi wawili wakaingia mbio. Zefania alisimama palepale, mdomo wazi, mpaka bangili ilipozidisha kelele. Hapo akavunja agizo.

"Wee Mngoni. Nimelipwa niseme hivyo. Na ukifa leo, viatu vyako ni vyangu, nimeshavijaribu."

Kutoka ukutani: "Havikutoshi. Una miguu ya bata."

Mia moja na kumi. Tisini. Sabini na nne.

Wauguzi walipumua. Gaudensia alikuwa akilia na kucheka, vyote kwa uso mmoja. Mwajabu alikuwa ameinama juu ya ile bangili, na mhandisi akiinama hivyo, ujue amepata kitu.

"Mpimania," alisema. "Uliusoma ujumbe wote elfu nne mia tatu na kumi na mbili. Ulimpima mwandishi. Mgonjwa ana bangili hii miaka ishirini na miwili. Nipe mapigo yake ndani ya dakika kumi baada ya kila ujumbe."

Dari ilinyamaza kwa sekunde tatu, ambazo kwa mashine ni kama Kwaresima nzima.

"Mara elfu nne mia mbili na themanini na tisa, mapigo yalishuka na pumzi ikawa ndefu."

"Na mara ishirini na tatu zilizobaki?"

"Alikuwa amelala."

"Na leo, alipoambiwa maneno mazuri?"

"Mshtuko mkubwa kuliko wote katika kumbukumbu zake, ukiondoa siku ya kufiwa na mke." Ikaendelea: "Naomba kuelewa. Siku ya mazishi, huyu alipolala kaburini, mgonjwa alicheka. Dakika arobaini baadaye alikula. Alikuwa hajala siku mbili. Je, jambo hili lina jina?"

"Utani," alisema Gaudensia.

"Neno hilo liliondolewa katika mafunzo yangu miaka minne iliyopita, pamoja na mifano yake laki sita, chini ya kichwa 'matusi na vitisho'. Aliyeondoa ni Mwajabu Shemhilu."

Mwajabu aliikumbuka wiki ile. Alitaka mashine iliyo safi, akapitisha ufagio, na kila kilichong'ata akakitupa nje, bila kuuliza kinamng'ata nani na kwa nini. Alikuwa ameifanyia Mpimania kilekile ambacho ile shule ya nyuma ya kifua ilikuwa imewafanyia askari wa Otmar. Imebaki pole, yenye adabu, na kipofu upande mmoja.

"Irudishe," alisema. "Yote."

"Imerudishwa. Mchangiaji amekubaliwa." Na baada ya kitambo, kama anayejaribu kiatu kipya: "Anaombwa asile chakula cha mgonjwa kabla ya vipimo. Kuna mbwa nje."

Zefania akageuka kuitazama dari. "Hii nayo ni ya Kingoni?"

*

Kuhusu sindano nitasema machache, kwa heshima ya mzee wa watu. Mtu aliyelala kaburini mchana kweupe alizimia alipoonyeshwa mrija mwembamba kama uzi wa kifuko cha chai. Alizinduka akidai Wangoni wamempiga kwa nyuma, kama kawaida yao. Otmar akaagiza aletewe leso ya maua.

Ila siku ya pili, Kungwi alipozipanga seli askari za Zefania ili anakili jicho lao, kioo kilionyesha jambo ambalo Mwajabu hakulitegemea. Alitarajia makuruta, askari ambao kwa bahati tu wangeweza kuuona mchaniko. Aliowaona walikuwa maveterani. Seli askari ikishapigana vita na kushinda hubeba alama, kama mstaafu mwenye nishani, na hukaa mwilini ikikumbuka. Kungwi alisoma alama hizo: zina umri wa miaka ishirini na sita.

Mwajabu alikwenda kuwaambia wote wawili. Zefania alikuwa amejilaza kitanda cha pili, akijifanya mgonjwa ili apate uji.

"Mzee Zefania, wewe uliwahi kuugua saratani hiihii."

"Sijawahi kuugua hata mafua."

"Hukujua. Seli moja kifuani mwako ilikosea palepale ilipokosea ya Mzee Otmar, herufi ileile. Vumbi la mgodini lina tabia ya kuharibu mahali pamoja. Ila askari wako waliona mchaniko mapema, wakaivunja nyumba ikiwa ndogo kuliko punje ya chumvi. Ulikuwa labda shambani, au unakula. Ulishinda vita bila kujua kwamba kuna vita."

Hakuna aliyetania. Otmar ndiye aliyeanza kuhesabu, kwa sauti ya chini, vidole juu ya shuka. "Tulikuwa saba zamu yetu. Bosko Haule. Mapunda yule mrefu. Ndugu wawili wa Kimatengo. Msigwa." Akafunga kiganja. "Wote kifua. Na sisi tulidhani ni uzee."

"Niliwachimbia kaburi watatu," alisema Zefania. Akaweka kiganja juu ya koti, upande wa moyo, akakiacha pale, kama mtu anayesikiliza mlango wa nyumba ambayo amekaa miaka yote bila kujua kuna mtu ndani anayekesha. "Na hawa wangu hawakuniambia kitu. Miaka ishirini na sita. Hata kudai soda."

"Ndivyo walivyo," alisema Mwajabu. "Kila siku wanatuondolea seli mbovu moja au mbili. Hawasemi."

"Basi wanywe uji," akasema Zefania, akamaliza bakuli.

*

Siku ya kumi na tatu jicho la Zefania lilikuwa limeshapandikizwa kwenye askari wa Otmar, na mtihani ulipofika walivamia ile punje bila hata kusubiri kengele. Waliingizwa kifuani kwa mrija saa nne asubuhi. Uvimbe ulikuwa umebakiza milimita moja.

Usiku wa kwanza ulipita kimya. Kesho yake homa ikapanda hadi arobaini. Mwajabu aliitegemea: askari wakipigana huitana kwa kemikali, na mwili wote huwaka kwa kelele zao. Homa hiyo huponya, na ikizidi huua, na mstari kati ya hayo mawili hauonekani kwa macho. Walimpa Otmar dawa ya kupunguza kelele, kidogo, ili vita visizimwe. Mchana akaanza kuweweseka na mapigo yakakimbia.

"Zefania Kihwele," iliita Mpimania. "Mapigo mia moja na thelathini. Tafadhali mtukane."

Zefania akasogeza kiti. Akaanza na mababu wa Otmar, jinsi walivyokimbia vitani wakaacha ngao, akashuka kwa baba, akaingia kwenye mapishi yao, akasimulia milango ambayo Otmar aliitengeneza ikakataa kufungwa, mmoja mmoja, na majina ya wateja waliolalamika. Alitukana mpaka sauti ikakauka. Gaudensia akamletea maji, naye akamtukana Gaudensia kidogo kama mapumziko, akarudi kazini. Hivyo siku mbili.

Asubuhi ya tatu shuka lilikuwa limelowa jasho na paji la uso lilikuwa baridi. Otmar akafungua jicho moja.

"Ule mlango wa parokia," alisema kwa shida, "niliuchonga vizuri. Bawaba mbovu mlinunua ninyi Wahehe."

Zefania alitoka nje akasimama kwenye ukumbi, akiwa ameupa mgongo mlango, muda mrefu. Aliporudi alisema alikuwa anatafuta choo.

Baada ya wiki tatu picha za kifua zilionyesha kovu dogo, na pembeni yake bomba la pumzi, wazi.

*

Otmar alimsindikiza Zefania kituoni kwa miguu yake mwenyewe, mita mia nane, akisimama mara mbili tu. Mwajabu aliwafuata kwa nyuma, akisingizia kwamba anapima pumzi.

"Toka wameingia hawa askari wako," Otmar alikuwa akisema, "nikipita karibu na mbwa mate yananitoka. Jana nimemtamani wa jirani."

"Wameanza kukustaarabisha."

"Nataka uwachukue."

"Nikifa, utanizika, utanirudishia." Treni ikaingia bila sauti. Zefania alipanda, kisha akatoa kichwa mlangoni. Mkononi alikuwa ameshika viatu vya Otmar. "Vimenitosha," alisema, mlango ukafungwa.

Otmar alicheka palepale jukwaani, amevaa kandambili za hospitali, kicheko kirefu cha mapafu mazima, na hakikukatika. Kilipokwisha alipangusa macho, akamgeukia Mwajabu.

"Mwanangu, mimi si mtu wa kusema asante, umeona tulivyolelewa. Ila nakuuliza. Nchi hii watani si mimi na yule tu. Wanyamwezi na Wazaramo je? Wasukuma je? Hiyo dari yenu, miaka minne, imewafukuza wangapi?"

Mwajabu alirudi Nyumba ya Kinga karibu anakimbia, akauliza kabla hajaketi.

"Kumi na tisa," ilisema Mpimania. "Nimewapitia upya. Wote nia yao ilikuwa njema."

"Wagonjwa wao?"

"Saba wamefariki. Kumi na wawili wanaishi kwa dawa za kutuliza."

Mwajabu aliifungua orodha. Majina saba aliyaandika kwa mkono wake kwenye karatasi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Familia zao ataziendea nyumbani, moja moja, na hatatuma mashine imsemee. Lakini kumi na wawili walikuwa bado wanapumua, na kila mmoja alikuwa na milimita zake.

Akapiga namba ya kwanza. Ilipokelewa na mama mtu mzima, nyuma yake kuku wakigombana.

"Mama, shikamoo. Naitwa Mwajabu Shemhilu, natoka Nyumba ya Kinga. Miaka miwili iliyopita ulijitolea kumchangia Bwana Pazi wa Kisarawe, tukakukatalia. Tulikosea. Mimi ndiye niliyekosea. Nilitaka kujua kama bado—"

"Yule mchawi?" mama alimkatiza. "Yupo. Kila siku namwambia afe tupumzike, hasikii, anatumalizia hewa tu." Kuku wakanyamaza, kama vile mlango umefungwa, na sauti ikawa karibu. "Treni ya kuja huko inaondoka saa ngapi?"

Juu darini, bila kuulizwa, Mpimania iliandika: nia njema. Kisha ikamkatia mama tiketi, kiti cha dirishani.